Kuanza kupunguza kalori baada ya miaka 60: unaongeza umri au unakula misuli yako mwenyewe?

#1 Mtamaa
Wakuu, habari za jioni.

Tangu McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walipotoa matokeo yao mwaka 1935, kwamba panya waliopunjwa chakula waliishi zaidi kuliko walioshiba, imekuwa kama kibwagizo: kula kidogo uishi sana. Lakini wale panya walianza kupunjwa walipoachishwa tu kunyonya. Wanaouliza habari hizi humu wana miaka 58, 63, 70. Wana presha, magoti yameanza kulalamika, na misuli iliyobaki wanaihitaji kupandia ngazi.

Hoja yangu ni hii: ukishapita 60, faida ya kujinyima ili uishi zaidi imeshakupita, na hasara inaanza kuhesabika siku hiyohiyo. Anayebisha alete ushahidi wa kuanza ukubwani, si wa kuanza utotoni. Na anayesema inafaa atuambie kiasi gani na kwa hatua zipi.

#2 Kifimbo
Mkuu, umetoka 1935 ukarukia leo, katikati umeacha mengi. Mwaka 1982 Richard Weindruch na Roy Walford walichukua panya wa jamii ndogo (mouse) wa miezi 12, ambao kwa panya ni utu uzima wa katikati, wakawapunguzia chakula. Umri wao wa kuishi, wa wastani na wa juu kabisa, uliongezeka kwa asilimia 10 hadi 20.

Siri ilikuwa kwenye namna ya kuanza. Waliotangulia walikuwa wakikata chakula cha panya wazima kwa mkupuo, wanyama wanakufa mapema, ikaaminika kwamba ukubwani haifai. Weindruch na Walford walishusha taratibu, na chakula kilichobaki wakakiongezea protini, vitamini na madini ili mnyama apungukiwe na kalori peke yake. Ukikata sahani nusu bila kubadilisha kilichomo, umekata protini nusu, vitamini B12 nusu na kalisi nusu. Huo ni utapiamlo uliopewa jina zuri.

#3 Mdudu Mdogo
Nyongeza kwa Kifimbo. Kwa nzi wa matunda jambo hili lilipimwa vizuri zaidi mwaka 2003 na kundi la Linda Partridge. Nzi waliokula shibe maisha yao yote walihamishiwa mlo mdogo wakiwa wazee. Ndani ya siku 2 hadi 3 kasi yao ya kufa ilishuka ikawa sawa na ya nzi waliokula kidogo tangu mwanzo. Kwa nzi, mlo wa jana haudai chochote.

#4 Bwana Nyonga
Nzi hana nyonga ya kuvunjika akiteleza bafuni. Endeleeni.

#5 Mzani
Mtamaa kaomba ushahidi wa kuanza uzeeni, basi aupokee wote, wa kumfurahisha na wa kumchukiza.

Unaompinga: mwaka 2004 kundi la Stephen Spindler lilianza na panya dume wa miezi 19, ambao ni wazee tayari. Muda waliobakiwa nao hadi kufa uliongezeka kwa asilimia 42, na tofauti ya vifo ikaanza kuonekana ndani ya takriban miezi 2. Walichofaidi zaidi ni kucheleweshwa kwa uvimbe wa saratani.

Unaomuunga mkono: mwaka 1995 Ruth Lipman na wenzake walianza na panya wa jamii kubwa (rat) wa miezi 18 na wa miezi 26. Hawakuona faida ya umri. Kisha 2019 ukaja utafiti wa Cologne, wa kundi lilelile la Partridge, kwa panya jike. Waliohamishwa kutoka shibe kwenda mlo mdogo wakiwa na miezi 24 hawakupata cha maana. Waliofanyiwa kinyume, wakatoka mlo mdogo kwenda shibe, faida ikayeyuka haraka. Maelezo waliyotoa ni kwamba tishu ya mafuta ina kumbukumbu: namna vinasaba vyake vinavyofanya kazi ilibaki kana kwamba mnyama bado anashiba.

Kwa hiyo mtu anayesema "sayansi imethibitisha", upande wowote, amesoma karatasi moja.

#6 Mtamaa
Shukrani Mzani. Ila hapo naona umenipa silaha zaidi kuliko ulizoninyang'anya. Miezi 19 wamefaidi, miezi 24 hola. Si ndiyo nilichosema, kuna mlango unaofungwa?

#7 Pwaguzi
Usikimbilie mlango. Hao ni panya wa koo tofauti, wa Spindler dume, wa Cologne jike, na chakula hakifanani. Yapo majaribio ya koo nyingi za panya waliopunguziwa asilimia 40 tangu ujanani, na koo kadhaa maisha yao yalifupika badala ya kurefuka. Ikiwa urithi peke yake unaweza kugeuza matokeo kichwa chini, huwezi kulinganisha miezi 19 ya koo hii na miezi 24 ya koo ile ukasema umepata umri wa mwisho wa kuanza.

#8 Msitu Mkubwa
Panya wametosha, twende kwa wanyama walio karibu nasi. Kima aina ya rhesus, majaribio mawili ya Marekani. La Taasisi ya Taifa ya Uzee lilianza 1987, la Wisconsin 1989. Yote mawili yalipunguza takriban asilimia 30. Wisconsin, walioanza na kima wazima wa miaka 7 hadi 14, walitangaza 2009 na tena 2014 kwamba mlo mdogo unapunguza vifo. Wale wa Taasisi wakatangaza 2012 kwamba hakuna tofauti ya umri wa kuishi.

Sasa kinachotuhusu sisi: Taasisi walikuwa na kundi la wazee, kima walioanza wakiwa na miaka 16 hadi 23. Mwaka mmoja wa kima ni kama mitatu ya binadamu, piga hesabu mwenyewe. Wazee hao waliishi ajabu, na dume mmoja aliyepunguziwa alivuka miaka 43, wakati wastani wa kima wa kufugwa ni takriban 26. Uzee haukuwazuia.

#9 Mzani
Msitu, hapo umeacha nusu ya habari. Hata wenzao wa ulinganisho, ambao hawakupunguziwa, nao walipita wastani huo kwa mbali. Tofauti kati ya makundi mawili ya wazee haikutosha kusema mlo mdogo ndio uliowavusha.

Na sababu inajulikana. Taasisi hawakuwaachia wenzao wa ulinganisho wale wapendavyo, waliwapimia. Wisconsin waliwaachia. Tena chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari ya mezani asilimia 28.5 hivi, cha Taasisi asilimia 3.9. Ukimpunguzia kima chakula chenye sukari nyingi, utafiti wako unapima nini, kujinyima au kuacha kulishwa vibaya? Timu zote mbili zilikaa pamoja 2017 zikachapisha uchambuzi wa pamoja. Maoni yangu: kutoka "kupita kiasi" kurudi "kiasi" kuna faida kubwa, kutoka "kiasi" kwenda "njaa" kuna faida ndogo, na uzeeni huenda isiwepo kabisa.

#10 Sahani Ndogo
Wataalamu wa panya na kima, mtoa uzi aliuliza kiasi na hatua. Naweka hesabu, mkosoe.

Chukua mwanamke wa miaka 68, urefu sentimita 160, uzito kilo 72. BMI yake (uwiano wa uzito na urefu) ni 28. Kanuni ya Mifflin na St Jeor kwa mwanamke: uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Inatoka 720 + 1000 − 340 − 161 = kilokalori 1219 akiwa amelala tu. Kwa mtu wa shughuli ndogondogo zidisha kwa 1.4, unapata kama 1700 kwa siku. (Mwanamume badala ya kutoa 161 anajumlisha 5.)

Asianze na asilimia 25. Wale vijana wa jaribio la CALERIE la Marekani, watu 218 wa miaka 21 hadi 50, lengo lilikuwa asilimia 25 kwa miaka 2, na pamoja na kuwa na wataalamu wa lishe walioajiriwa kwa kazi hiyo wakafikia kama asilimia 12. Kwa mtu wa miaka 68 asilimia 10 inatosha, yaani kama 170 kwa siku, abaki na 1530. Akae hapo miezi 3, apime, ndipo afikirie asilimia 5 nyingine. Asishuke chini ya 1200, kwa sababu chini ya hapo hata ukipanga vipi virutubisho havienei.

Protini haipunguzwi, inapandishwa. Kilichokubaliwa na wataalamu wengi wa wazee ni gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Kwa huyu ni hadi gramu 86. Igawe sawa kwa milo mitatu, 25 hadi 30 kila mlo, maana misuli ya mzee haistuki kwa protini kidogo kama ya kijana. Kosa la kawaida ni chai na mkate asubuhi, mboga mchana, halafu nyama yote usiku. Yai moja lina gramu 6 au 7, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina 22 hivi. Mlo wa asubuhi wa mayai 2 na kikombe cha maziwa umefika 20 tu, bado.

Pa kupunguza ni mafuta ya kupikia, sukari, wanga wa usiku na vinywaji.

#11 Bwana Nyonga
Kwa hiyo nipunguze chakula kwa kuongeza chakula. Nimeelewa.

#12 Kibanzi
Sahani, gramu 86 kati ya kilokalori 1530 ni zaidi ya asilimia 22 ya nishati. Valter Longo na Morgan Levine walichapisha 2014 uchambuzi wa Wamarekani zaidi ya 6,000. Wenye miaka 50 hadi 65 waliopata asilimia 20 au zaidi ya nishati yao kwenye protini walikuwa na vifo vingi zaidi, na vya saratani mara nne. Unawapandisha juu ya mstari huohuo. Tena sehemu ya faida ya mlo mdogo inasemekana inatokana na kushuka kwa homoni ya IGF-1, inayochochea seli kukua, na protini ndiyo inayoipandisha.

#13 Sahani Ndogo
Umenukuu nusu ya juu ya jedwali. Nusu ya chini, walio na miaka 66 kwenda mbele, mambo yaligeuka: wenye protini nyingi ndio waliokufa kidogo. Mwanamke wangu ana 68, nilimchagua makusudi.

Na usisahau udhaifu wake: waliulizwa walichokula siku moja tu, kisha wakafuatiliwa miaka mingi. Siku moja si mlo wa mtu. Ningekubali kuongeza tahadhari moja, mwenye figo zilizochoka asifuate hesabu yangu ya protini bila daktari wake kuona kipimo cha kreatinini.

#14 Kibanzi
Sawa kwa 68. Lakini aliye na 59 je? Ndiye anayeanza wakati homoni bado ni tatizo na misuli nayo imeanza kuondoka. Hapo mstari unakatika katikati ya mtu mmoja.

#15 Chuma Chepesi
Hapo ndipo mazoezi yanapoingia, nashangaa hadi post ya 15 hakuna aliyeyataja.

Dennis Villareal na wenzake walichukua watu 160 wanene wa miaka 65 na zaidi, wakapunguza uzito kwa miezi 6, wakachapisha 2017. Waliochanganya mlo na mazoezi ya pumzi peke yake, kutembea na baiskeli, walipoteza asilimia 5 ya nyama isiyo mafuta, na mfupa wa nyonga ukapungua asilimia 3. Waliochanganya na kubeba vyuma walipoteza asilimia 2 tu ya nyama, na mfupa chini ya asilimia 1. Waliofanya vyote viwili nyama ilipungua asilimia 3, lakini ndio waliopiga hatua kubwa zaidi kwenye vipimo vya kutembea, kuinuka na kupanda ngazi: asilimia 21 dhidi ya 14 za wenzao.

Kwa hiyo anayepunguza kalori bila chuma anachagua kupoteza. Siku 3 kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Kuinuka kwenye kiti, kusukuma ukuta au sakafu, kuvuta utepe wa mpira, kunyanyua visigino, kubeba mzigo mikono miwili ukitembea. Seti 2 au 3 za marudio 8 hadi 12, uzito uwe ule ambao marudio mawili ya mwisho yanakuwa magumu. Mazoezi ya mzee yanaharibika kwa kubaki na chupa ileile ya maji ya nusu lita mwaka mzima.

Kipimo cha nyumbani: kaa kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, inuka na kukaa mara 5 haraka uwezavyo. Ukizidi sekunde 15, miguu imeanza kudhoofika, simamisha upunguzaji. Nguvu ya kushika kwa mashine ya mkono, chini ya kilo 27 kwa mwanamume au 16 kwa mwanamke, vilevile. Mwendo wa mita 4, ukitumia sekunde 5 au zaidi, vilevile. Rudia kila mwezi na uandike. Mizani haisemi kilichoondoka ni mafuta au ni paja.

#16 Mtamaa
Hii nimeipenda. Nakubali hapo mlinitoa kwenye "siku hiyohiyo". Lakini bado, mnachoongelea ni kupunguza unene. Mimi niliuliza kuhusu kuishi zaidi.

#17 Mzani
Na ndiyo swali ambalo kwa binadamu hakuna jaribio lililolimaliza, wala halitamalizwa karibuni, maana ungehitaji kuwafuata watu miaka 30. Tunachoshika ni vipande. Wazee wenye maumivu ya goti, miaka 60 na zaidi, waliopunguza kama kilo 5 katika jaribio la ADAPT, walipofuatiliwa miaka mingi baadaye walikufa wachache kuliko wasiopunguza. Upande wa pili, Look AHEAD, jaribio kubwa la wenye kisukari wa miaka 45 hadi 76, lilisimamishwa 2012 kwa sababu kupunguza uzito hakukupunguza mashambulizi ya moyo, na baadaye ikaonekana aina fulani za mivunjiko ya mifupa zimeongezeka.

Saa za uzee, yaani vipimo vya damu vinavyokadiria mwili unazeeka kiasi gani, nazo zinapishana. Damu za CALERIE zilipochambuliwa 2023, kipimo kimoja kinachoitwa DunedinPACE kilionyesha kasi ya kuzeeka imepungua asilimia 2 hadi 3. Vipimo viwili vingine, PhenoAge na GrimAge, havikuonyesha kitu. Na hao walikuwa vijana.

#18 Mdudu Mdogo
Mnapigana juu ya kalori wakati huenda si kalori. Panya wa maabara akipunguziwa chakula hupewa mara moja kwa siku, anakimaliza kwa saa mbili, kisha anafunga saa 22. Mwaka 2021 maabara ya Dudley Lamming, Wisconsin, iliwapa panya chakula kilichopunguzwa makali kwa nyuzi zisizomeng'enywa, kalori zilezile chache lakini wanakula kutwa. Faida nyingi zikapotea. Mwaka 2022 kundi la Joseph Takahashi likapata kwamba asilimia 30 pungufu iliyotawanywa usiku na mchana iliongeza umri asilimia 10, lakini ikiliwa usiku pekee, saa za panya kuwa macho, ikaongeza asilimia 35.

Inawezekana kilichofanya kazi miaka yote ni kufunga na kufuata saa ya mwili, na kalori ni abiria tu.

#19 Pwaguzi
Wote hao walianza ujanani, Mdudu. Na saa 22 za panya ni kama siku kadhaa kwa binadamu, panya akikosa chakula siku mbili tatu yuko karibu na kufa. Mzee wa miaka 70 ukimbania milo katika saa 8, gramu 86 za protini ataziweka wapi? Anaishia mlo mmoja na nusu.

Ukitaka kitu kipya zaidi, soma jaribio la panya 960 wa koo mchanganyiko, lililochapishwa 2024. Makundi matano: shibe, kufunga siku 1 kwa wiki, siku 2, pungufu asilimia 20, pungufu asilimia 40. Waliopunguziwa 40 waliishi zaidi kuliko wote. Lakini ndani ya kundi hilo, walioishi sana ni wale waliofaulu kushikilia uzito wao licha ya njaa. Waliokonda zaidi walitangulia. Wale nao walianza na miezi 6, ila kwa mzee nalichukua kama onyo: ukianza ukakonda upesi, mwili hauna akiba, acha.

#20 Bwana Nyonga
Tukumbushane tu kwamba Roy Walford mwenyewe aliingia kwenye lile jengo la kioo la Biosphere 2 mwaka 1991 akiwa na miaka 67, akala kidogo miaka miwili na wenzake saba, akafa 2004 na miaka 79. Na Luigi Cornaro wa Venezia alikula aunsi 12 za chakula kwa siku tangu utu uzima wake akafika miaka 100. Mmoja mwanasayansi, mmoja tajiri mlevi mstaafu. Mimi nafuata wa Venezia.

#21 Kifimbo
Bwana Nyonga, Walford aliuawa na ALS, ugonjwa wa neva, haupimi chochote kuhusu mlo. Na Cornaro alikufa 1566, ni mwaka wa kuzaliwa ndio unaogombaniwa. Wapo wanaomhesabia karibu 100 na wapo wanaomhesabia 80 na kidogo. Isitoshe ulisahau aunsi 14 za divai kila siku. Hiyo ni zaidi ya kilokalori 300 kwenye kikombe.

#22 Bwana Nyonga
Sikuzisahau. Ndiyo sababu namfuata.

#23 Zamu ya Usiku
Kabla watu hawajaanza kesho asubuhi, upande wa dawa:

Wenye kisukari wanaotumia insulini au glibenklamidi, sukari inaweza kushuka vibaya ndani ya siku chache tu baada ya kupunguza chakula, na kwa mzee inajitokeza kama kuchanganyikiwa au kuanguka, siyo lazima kutetemeka. Dozi ipangwe upya na aliyeiandika kabla ya kuanza. Metformini peke yake haina hatari hiyo sana. Wanaotumia dawa za kisukari za kundi la SGLT2 wasibane wanga kwa nguvu, damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikionekana nzuri.

Presha hushuka pamoja na uzito. Pima ukiwa umekaa, kisha dakika 1 na dakika 3 baada ya kusimama. Ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ukiona kiwi, rudi kliniki, huenda vidonge vimekuwa vingi. Wanaotumia vidonge vya kukojoa wawe waangalifu zaidi wakipunguza chumvi na chakula kwa pamoja.

Wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda): ukiongeza mboga za majani ghafla, vitamini K inaharibu kipimo cha damu. Wenye gauti: kufunga na kukonda haraka kunapandisha asidi ya yuriki, kidole kinaweza kuwaka wiki ya kwanza. Kukonda zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki kunaleta mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Na aliyekonda asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, asije kwenye uzi huu. Huyo aende akachunguzwe.

#24 Mtamaa
Ahsante sana Zamu. Swali: mtu wa miaka 72, BMI 21, hana ugonjwa, anataka tu kuishi. Mnampa asilimia ngapi?

#25 Sahani Ndogo
Sifuri. Mpeni protini na vyuma vya kubeba.

#26 Kibanzi
Sifuri pia, ila namruhusu ale chakula cha jioni mapema.

#27 Msitu Mkubwa
Sikubaliani na "sifuri" kama amri. BMI 21 ya mtu aliyekuwa 21 tangu ujana si sawa na 21 ya aliyekuwa 27 miaka mitatu iliyopita. Wa kwanza, asilimia 5 ya kuondoa sukari na mafuta ya kukaangia haitamdhuru. Wa pili ni mgonjwa ambaye hajajijua. Takwimu zinazosema wazee wenye BMI ya 24 hadi 30 ndio wanaoishi zaidi zimejaa watu wa aina hiyo ya pili, waliokondeshwa na ugonjwa kabla ya kufa.

#28 Sahani Ndogo
Yaweza kuwa. Lakini kinga ya mwili nayo ihesabike. Mwaka 2005 Elizabeth Gardner alionyesha kwamba panya wazee waliopunguziwa kalori, wakiambukizwa virusi vya mafua, walikufa wengi kuliko walioshiba. Maabara ni safi, kule nje kuna mafua kila msimu. Mwembamba wa 72 hana akiba ya kuugulia wiki mbili bila kula.

Pia niongeze makosa ya upimaji, kwa sababu ndiyo yanayowafanya watu waseme "haifanyi kazi" kisha wakate zaidi. Tofauti tunayotafuta ni 170 kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kilokalori 120. Ukimimina kwa macho badala ya kijiko, umeirudisha yote kabla sufuria haijapata moto. Wali: gramu 100 za mchele mkavu ni 360 hivi, gramu 100 za wali ulioiva ni 130. Anayepima ulioiva kwa jedwali la mkavu anajinyima karibu theluthi mbili bila kujua, na huyo ndiye anayekuja kulalamika baridi, nywele na choo kigumu.

Mizani: kwa hesabu ya vitabu (kilokalori 7700 kwa kila kilo) 170 kwa siku ni kama gramu 150 kwa wiki. Maji ya mwilini peke yake yanayumba kilo 1 hadi 2. Pima kila asubuhi baada ya kukojoa, tazama wastani wa wiki, linganisha wiki ya kwanza na ya nne.

#29 Pwaguzi
Ile hesabu ya kilokalori 7700 kwa kilo usiipeleke mbali. Mwili unapunguza matumizi unapokonda, homoni ya tezi ya shingoni iitwayo T3 inashuka, mtu anatembea kidogo bila kujijua. Gramu 150 za mwezi wa kwanza si gramu 150 za mwezi wa nane.

#30 Sahani Ndogo
Ndiyo maana nikasema miezi 3 kisha apime upya.

#31 Chuma Chepesi
Na wasifanye ya kuingia na kutoka. Mzee akikonda kisha akarudisha kilo 4, zinazorudi nyingi ni mafuta, misuli haijirudishi yenyewe. Akifanya hivyo mara tatu anabaki na uzito uleule na miguu ya mtu mwingine. Kama huna uhakika utadumu na asilimia 10, anza na 5.

Kalisi kwa siku miligramu 1200 kwa mwanamke aliyepita 50 na mwanamume aliyepita 70, vitamini D yuniti 800 kwa waliopita 70, na B12 ipimwe, maana tumbo la mzee linaifyonza vibaya. Kipimo cha mfupa cha DEXA kifanyike kabla. Alama yako ya uimara wa mfupa (T-score) ikishakuwa chini ya −2.5, upunguzaji usubiri.

#32 Mtamaa
Na mtu akiwa katikati ya programu akaambiwa ana upasuaji wa nyonga mwezi ujao?

#33 Zamu ya Usiku
Anasimamisha. Anarudi kwenye kalori zake kamili, protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, hadi kidonda kifunge na aanze kutembea. Homa kali, nimonia, vidonda vya kitandani, vilevile.

#34 Mdudu Mdogo
Zamu, kuna majaribio ya 2010 ambapo panya waliopunguziwa asilimia 30 kwa wiki chache, au waliofunga siku 3 tu, walistahimili kukatwa damu kwenye figo kuliko walioshiba. Kuna wanaodhani kufunga kidogo kabla ya upasuaji kungesaidia.

#35 Zamu ya Usiku
Panya kijana mwenye afya. Mzee wa nyonga anakaa wodini siku kadhaa, hali vizuri, analazwa chali, na anapoteza paja kila siku anayolala. Nikiletewa jaribio la wazee wenyewe nitabadilisha. Hadi hapo, mletee yai.

#36 Bwana Nyonga
Mawili.